Kikombe cha Kwanza cha Bibi Chungu

Asubuhi ile ya mwisho fundi baiskeli alikuwa anajaza upepo gurudumu la nyuma, na mkewe alikuwa anamcheka.

"Unahema kuliko hiyo pampu," alimwambia. "Mpokezane basi."

"Pampu imezeeka."

"Haya. Pampu."

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, sufuria ndogo miguuni, kichujio mkononi. Maji ya mizizi yalishapoa. Aliyachuja taratibu, akayamimina kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni, kikombe ambacho mtu mwingine ndani ya nyumba hakuruhusiwa kukigusa. Akasema neno lake la siku zote, "Haya, tuone," akanywa yote, akakunja uso, akajipangusa midomo kwa upindo wa nguo.

Fundi akainamia mnyororo wa baiskeli. Mnyororo haukuwa na tatizo. Lakini asubuhi za namna hii alihitaji kitu cha kushika, maana kumtazama mkewe hakuweza, na kutomtazama hakuweza pia.

Watu walimwita Bibi Chungu. Watoto wa mtaa ndio waliomwanzishia, kwa sababu kila alichowahi kuwanywesha kilikuwa kichungu, na jina likamganda. Hakulichukia. Alisema mtu akimwita Bibi Sukari atajua kuna kitu anakitaka.

Kazi yake ilikuwa kuchuma majani na kuchimba mizizi ya porini, kwenye kilima kilicho nyuma ya machimbo ya mawe. Alifundishwa na shangazi yake, dada wa baba, mwanamke mrefu asiyecheka. Msimu mzima wa kwanza shangazi hakumwonyesha hata dawa moja. Alimwonyesha sumu tu. Huu unaziba koo. Huu unatia wazimu. Huu ukiuchoma, moshi wake unapofua macho. "Ukishazijua zinazoua," alimwambia, "hizo nyingine tutaongea." Msichana alirudi nyumbani akiogopa hata mchicha.

Uoga ule haukumtoka, na ndio uliomfanya awe mzuri wa kazi. Alikuwa halishiki jani kabla ya kulizunguka. Anatazama limesimama wapi, kwenye jua au kivulini, kwenye mchanga au kwenye tope. Anageuza mgongo wa jani aone kama lina manyoya. Anavunja kijiti aone kama kinatoa maziwa. Anafikicha, ananusa. Mwisho kabisa anagusisha ncha ya ulimi, anatema, anasubiri. Zamani walipokuwa vijana fundi aliwahi kumfuata kule kilimani akamwonyesha majani ya kivumbasi, akitaka sifa.

"Umelijuaje?" mkewe akamuuliza.

"Si kivumbasi hicho? Kinanukia."

"Hata sabuni inanukia. Geuza."

Basi nyumba yao ilikuwa hivyo. Kivumbasi dirishani cha kufukuzia mbu, mshubiri kwenye makopo yaliyotoboka, majani ya mwarobaini yakikauka juu ya bati. Fundi alikuwa akifungua kabati la jikoni kwa ncha ya kidole, kama mtu anayefungua mlango wa mbwa.

Na wagonjwa wengi aliwakatalia. Mtoto ana homa na shingo imekaza, zahanati. Mtu anakohoa damu, zahanati. Mjamzito ndiyo kabisa: "Zahanati, mwanangu, na usisimame hapa hata kunisalimu, utanisalimu wakati wa kurudi." Tabibu wa zahanati alimjua kwa hao aliowatuma. Wakikutana njiani walisalimiana kama watu wa kazi moja wanaofanya zamu tofauti.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya kikombe cha kwanza. Mchimbo wowote mpya, hata wa mti alioujua tangu utotoni, kikombe cha kwanza alikunywa yeye. Mgonjwa alipewa fungu lake akaloweke nyumbani, ila asichemshe. Asubuhi Bibi Chungu alichemsha la kwake, akanywa, akakaa mlangoni. Jua liliingia uani kwa kupitia juu ya ukuta, likatambaa sakafuni polepole. Likifika kwenye pipa la maji naye bado ni mzima, fundi alitoka na baiskeli yake kwenda kazini, akapita mlangoni kwa mgonjwa, akapiga kengele. Hapo mgonjwa aliinjika sufuria. Hakuna kengele, hakuna dawa. Mtaa mzima ulilijua hilo.

Fundi hakuwa mwoga wa mambo mengine. Mbwa hakumtisha, wala mteja mwenye hasira. Kikombe kile tu. Alikiogopa tangu mwaka waliooana na hakukizoea. Alikuwa akisogea na jua. Jua likisimama nyuma ya wingu, naye anasimama.

Safari hii alikuwa na sababu ya kuogopa zaidi.

Kule kilimani kuna kichaka ambacho Bibi Chungu alikiita mti wa tumbo, na pembeni yake huota kingine, chenye sumu, alichokiita pacha. Mti wa tumbo mgongo wa jani lake una manyoya laini kama ya panya mchanga. Jani la pacha halina, linateleza. Mvua zikiwepo hata mtoto anaweza kuvitofautisha. Kiangazi majani yanaanguka yote, vinabaki vijiti vitupu, na hapo hata shangazi yake alikuwa hathubutu. Tena mzizi hufaa ukichimbwa kiangazi tu, nguvu ikiwa imerudi chini. Kwa hiyo Bibi Chungu alikuwa akipanda kilimani wakati wa mvua, anafunga kitambaa chekundu kwenye shina la mti wa tumbo, anauacha. Kiangazi anarudi, anafuata vitambaa vyake.

Mwaka ule moto ulipita kilimani. Haikujulikana aliyeuwasha. Ulikula nyasi, ukala vichaka, ukala na vitambaa.

Alisema hatachimba mpaka mvua. Lakini kulikuwa na fundi cherehani, mwanamke kijana wa mtaa wa pili, aliyekuwa anaumwa tumbo muda mrefu. Zahanati walimpa vidonge, vikamsaidia nusu, nusu ikabaki. Mwaka uliotangulia mzizi wa mti wa tumbo ulimtuliza. Sasa alikuwa akija kila siku, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, anakaa kwenye kizingiti bila kuomba kitu. Kukaa kule ndiko kulikomshinda Bibi Chungu. Akapanda.

Jioni ile fundi alikuwa ananawa grisi mikononi, mkewe akamwambia bila kumtazama:

"Nimekuta fundo moja. Kitambaa kimeungua, fundo limebaki. Lilikuwa limeanguka katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya visiki viwili. Nimechimba cha upande wa jua. Huwa ndiko unakopenda."

"Huwa?"

"Huwa."

Fundi akaacha kusugua mikono. "Na harufu?"

"Kila kitu kule kinanuka moshi. Hata mimi. Ninuse."

Akamnusa begani. Alinuka moshi kweli.

"Itupe basi. Mvua si itakuja?"

"Mama mkwe wa yule binti kanikuta njiani nateremka, kachukua fungu lao. Nimemwambia wasubiri kengele. Na yule binti hali chakula sasa, mzee wangu. Anashona kaegemeza tumbo kwenye meza."

"Basi nikinywe mimi hicho kikombe."

"Wewe una presha. Ukianguka nitajuaje kama ni mzizi au ni presha yako?"

Alisema kwa mzaha, na fundi akacheka kidogo kwa sababu mkewe alikuwa anamsubiri acheke. Kisha wakala. Fundi hakusikia ladha ya kitu.

Sasa asubuhi imefika, kikombe kimenywewa, na jua linatambaa sakafuni. Lilipita mguu wa kigoda. Lilipita sufuria. Mkewe alikuwa anamsimulia habari ya binti yao aliyeolewa mbali, kwamba amepiga simu jana na kusema mjukuu ameanza kung'ata watu. Jua lilikaribia pipa, likabaki kama upana wa kiganja. Fundi akaanza kupumua. Akashika usukani, akageuza baiskeli kuelekea mlangoni.

"Ngoja," mkewe akasema.

Sauti ilikuwa yake ya kawaida. Alikuwa amejigusa mdomo kwa vidole viwili.

"Midomo yangu haipo."

"Haipo vipi?"

"Ipo. Ila siisikii." Akameza mate, akasikiliza mwili wake kama mtu anayesikiliza hatua za mtu juu ya dari. "Ni pacha."

Fundi aliiachia baiskeli ikaanguka. Alimshika mikono, ilikuwa ya baridi na majimaji. Alitaka kumbeba. Mkewe akamsukuma kifuani, si kwa nguvu.

"Nenda kwa yule binti."

"Nikufikishe zahanati kwanza."

"Mimi najua nimekunywa nini. Yeye hajui. Nenda."

"Hawajasikia kengele. Hawatachemsha."

"Mtu mwenye maumivu humjui," alisema. "Nenda, mzee wangu. Mwite jirani, mimi nitakwenda naye."

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa dereva wa pikapu ya matofali, na kwa bahati alikuwa bado ananawa uso. Fundi alimwita kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo. Jirani akaja na povu masikioni. Alipomwona Bibi Chungu akitapika pembeni ya kigoda, hakuuliza kitu, alikimbilia funguo. Fundi aliokota baiskeli. Alimwangalia mkewe mara moja na akajuta, kwa sababu baada ya hapo miguu ilikataa kupanda. Akaikaripia. Ikapanda.

Kengele ya baiskeli yake ilikuwa imelegea siku nyingi. Ililia yenyewe gurudumu likipita kwenye jiwe. Ni fundi, lakini ya kwake hajaitengeneza, mnawajua mafundi. Alipokaribia mtaa wa pili ndipo alipokumbuka. Ikilia karibu na mlango ule, yeye mwenyewe ndiye atakuwa amewaambia wanywe.

Akaifunika kwa kiganja, akaibana. Akaendesha kwa mkono mmoja, mtaa wenyewe mashimo matupu. Kila shimo lilitaka kuiliza. Mbele kulikuwa na mkokoteni wa madumu ya maji, na watu wamesimama kununua, njia yote imeziba.

"Njia, jamani. Njia."

Sauti ilikuwa imekauka. Hawakumsikia.

"Mzee, si upige kengele?" akasema msukuma mkokoteni. "Au umeiweka ya pambo?"

Watu wakacheka. Mmoja akanyoosha mkono amsaidie kuipiga, fundi akamkwepa karibu aanguke.

"Ana nini huyu leo?"

Akashuka, akapita katikati yao akiburuta baiskeli, mkono bado umebana kengele. Ndipo akaisikia. Kengele ya baiskeli, mbele yake, upande wa kule kwa fundi cherehani. Ikalia kwa furaha, ikanyamaza, ikalia tena. Alijitazama kiganja. Hakikuwa kimeachia.

Alikuwa ni muuza mikate, mgeni, ameanza kupita mtaa ule wiki hiyo hiyo. Walipishana kwenye kona. Alimwamkia fundi vizuri, "Shikamoo mzee," kapu la mikate nyuma ya baiskeli.

Siku zote ukifika kwenye kona ile ulisikia cherehani. Siku hiyo hukusikia kitu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kushikia sufuria.

"Karibu, baba. Tumeshakusikia, hata usingeshuka."

"Mmenisikia lini?"

"Si umepiga sasa hivi? Yeye alikuwa ameshainjika, hakuweza kuvumilia. Nikamwambia usinywe, subiri kengele. Basi ilipolia tu..."

Fundi alimpita. Fundi cherehani alikuwa amekaa nyuma ya mashine yake, kikombe ameshika kwa mikono miwili, anapuliza.

"Umekunywa?"

"Nusu. Hii ya mwaka huu, baba, uchungu wake si wa..." Akauona uso wake.

"Si mimi niliyepiga," fundi akasema.

Alimnyang'anya kikombe, akakiweka mbali juu ya dirisha. Mkewe alikuwa na desturi, mtu akila kibaya, kile kibaya kifike kwa tabibu pamoja na mtu. Akatoa mzizi mmoja kwenye sufuria, ukamuunguza vidole, akautia mfukoni mwa shati. Mama mkwe alikuwa amekaa chini na kitambaa chake, anasema "nimemwambia mimi, nimemwambia mimi," wala hakuwa anamwambia mtu.

Fundi cherehani alikaa nyuma ya baiskeli, akamshika fundi kiuno. Safari hii kengele aliipiga bila kuiachia, na watu wakapisha.

"Midomo unaisikia?"

"Naisikia."

"Na sasa?"

"Naisikia, baba."

"Sema kitu. Usinyamaze."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Nina sketi za shule. Sijapinda pindo hata moja. Mwenyewe anakuja leo, na ana mdomo yule mama."

"Endelea. Ana mdomo vipi?"

Akaendelea, habari za sketi, habari za vifungo vilivyokuja rangi siyo. Fundi alikanyaga, na kwa kila neno lililotoka nyuma yake alipata nguvu ya kukanyaga tena. Kisha neno likakatika katikati.

"Baba. Ulimi unawasha."

Fundi akazidi kukanyaga. Alifikiri mambo mawili kwa pamoja, huyu wa nyuma na yule aliyemwacha kwenye kigoda, na alipomfikiria mmoja alihisi anamwangusha mwingine.

Kwenye zahanati pikapu ya matofali ilikuwa imesimama mlangoni kabisa, milango wazi. Tabibu alimpokea fundi cherehani, akamlaza, akamwuliza fundi amekunywa kiasi gani na lini. Fundi akatoa mzizi mfukoni. Tabibu aliugeuza, akasema mkewe ameshamweleza yote alipokuwa bado anaweza kukaa: ni mti gani, umechemshwa vipi, mwili utafanya nini kwanza na nini baadaye. "Kanipangia kazi," tabibu akasema. Hakuwa anatania. Gari la hospitali kubwa lilikuwa limeshaitwa.

Fundi cherehani alitapika, akatundikiwa maji, akatapika tena. Alikunywa nusu, na alikuwa kijana. Adhuhuri haijafika aliomba kioo atazame kama midomo yake imevimba, muuguzi akamwambia mtu anayeomba kioo hafi. Yupo mpaka leo, anashona.

Bibi Chungu alikunywa kikombe kizima, na hakuwa kijana. Gari la hospitali lilipofika hakukuwa na wa kupelekwa.

Lakini kabla ya hapo alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, na fundi akaenda akakaa karibu naye kwenye benchi. Macho yake yalikuwa mapana, meusi kupita kawaida. Alikuwa anamtafuta kwa sauti kuliko kwa kumwona.

"Amekunywa?" akauliza.

"Nusu."

Mkono wake ukaubana wa fundi. Aliogopa, na miaka yote ile ya kikombe hakuwahi kumwonyesha kwamba anaogopa. Fundi aliketi na uoga wa watu wawili, hakujua auweke wapi. Akainuka, akaenda chumba cha pili, akatazama, akarudi.

"Atapona."

"Umeambiwa au umeona?"

"Nimeona. Anagombana na muuguzi, anataka akamalizie sketi zake."

Bibi Chungu akatabasamu upande mmoja, mdomo haukumtii upande wa pili. Mkono ukalegea. Fundi akadhani amelala, akafurahi kwamba amelala. Kisha akafumbua macho kama mtu aliyekumbuka moto jikoni, akamvuta karibu, akasema, na baada ya hapo hakusema tena:

"Yale maji yaliyobaki kwenye sufuria usiyamwage nyuma ya nyumba, mzee wangu. Mbuzi wa watu wanapita pale."